Sauti ya Ngazi Tatu

Ule mji mkongwe una nyumba za kula na kunywa nyingi kuliko mitaa yenyewe, na kila moja ina kitu chake cha kutambia. Moja ina kiti kisichokaliwa, eti zamani alikikalia mtu mkubwa. Ukiuliza mtu gani, kila mhudumu anakutajia wake. Nyingine ina pipa ambalo halijafunguliwa tangu enzi za babu wa mwenye nyumba, na wanywaji wa pale wanaliheshimu hilo pipa kuliko wakwe zao. Na iko moja isiyo na kitu kabisa, kwa hiyo inatambia panya wake, inasema ni wa ukoo wa kale.

Ngazi Tatu ilikuwa na Tarumbeta.

Nyumba yenyewe iliitwa Ngazi Tatu kwa sababu ukitoka barabarani unateremka ngazi tatu ndiyo uingie. Mwanzoni haikuwa hivyo. Barabara ndiyo iliyopanda: kila wakija kuitengeneza wanamwaga kokoto juu ya kokoto, mpaka nyumba ikabaki chini kama mtu aliyekaa wakati wenzake wote wamesimama. Chumba cha mbele ni cha wanywaji, na kaunta yake ya mbao imeliwa na viwiko hadi ina mabonde. Chumba cha nyuma ni cha walaji, meza kumi na moja na mabenchi mazito. Nyuma ya hapo kuna ukuta wa mawe mnene kuliko mpishi, na mpishi si mwembamba. Jiko liko ng'ambo ya ukuta huo. Katikati ya ukuta wamekata tundu la mraba, linapitisha sahani mbili na kichwa cha mtu mmoja.

Kichwa hicho kilikuwa cha Tarumbeta, kwa miaka thelathini na moja.

Kazi yake ilikuwa kuita. Mteja anaagiza, Tarumbeta anakwenda tunduni, anapasua anga. Na haiti kama watu wengine wanavyoita. Ngazi Tatu ina maneno yake. Chakula kikitakiwa na mchuzi, "kinavaa koti." Kikitakiwa kikavu, kiko "uchi." Sahani isiyo na nyama ni "yatima." Sahani mbili za namna moja ni "mapacha." Asiyetaka chumvi anaitwa "mgonjwa," hata kama anaweza kubeba gunia mgongoni. Basi mgeni anakaa zake kwa adabu, mara anasikia mtu mzima akinguruma ukutani: "Mapacha wa samaki wavae koti! Mgonjwa mmoja wa supu! Yatima uchi, haraka, ana njaa!" Wageni wengine walisimama wakataka kuita polisi.

Tarumbeta shule aliiacha darasa la nne. Yeye husema aliiacha. Mkewe husema shule ndiyo iliyomwacha, tena kwa furaha. Aliingia Ngazi Tatu kuosha sahani. Mwitaji wa zamani hizo alikuwa mzee mmoja ambaye meno ya mbele yalimtoka yote kwa wiki moja, akawa akisema "samaki" unasikia filimbi. Siku moja jiko likapika viazi badala ya samaki mara tano, na mwenye nyumba wa wakati huo akatoka akaangalia huku na huku, akamwona kijana wa sahani anaimba huku anasugua masufuria. "Wewe mwenye koo! Njoo uite!" Ndiyo basi. Akatoka kwenye sahani akaenda tunduni, hajarudi.

Tangu hapo kichwa kilimvimba, hakijashuka. Alisema sauti yake ndiyo nguzo ya nyumba, ukiitoa dari inaanguka. Alisema karatasi ni za watu waliozaliwa na kichwa kinachovuja. Hata nyumbani aliita. Anakaa uani, anaelekeza mdomo jikoni: "Chai moja, ivae koti la maziwa!" Mkewe ni fundi cherehani, hajawahi hata kuinua mguu kwenye pedali. "Ivae yenyewe. Huku hakuna tundu." Watoto wao watatu walijifunza kulala kwenye kelele, mpaka leo kukiwa kimya hawapati usingizi.

Ng'ambo ya tundu alikuwepo Shangazi. Huyo ndiye mpishi. Ni binti wa aliyeianzisha nyumba, sasa amekula chumvi nyingi, na mji mzima unamwita Shangazi hata wasio na undugu naye. Mapishi yake hayana mpinzani, ila alikuwa na vituko. Akikupa mgongo, hamjibu mtu, hata uwe nani. Watu walisema ni maringo. Miaka kadhaa nyuma alimlazimisha Tarumbeta anyoe masharubu, tena masharubu ya maana, yaliyochongwa. Alidai yanadondosha nywele kwenye mchuzi. Halafu akakataa katakata tundu liwekwe pazia, akataka taa itundikwe upande wa Tarumbeta, siyo upande wake mwenye kukata vitunguu. Tarumbeta alilipenda hilo. Alisema, "Mnaona? Msanii anawashiwa taa."

Sasa, mwenye nyumba alipochoka, aliyeshika usukani ni binti yake, yaani mtoto wa kaka yake Shangazi. Wanamwita Bi Mdogo. Ni mdogo wa umri tu. Akikutazama unakumbuka madhambi yako. Jumatatu moja alimwita Tarumbeta kwenye kaunta.

"Mjomba, kaa."

"Nikikaa sauti inakunjika. Sema tu, mwanangu."

"Ni hiyo sauti yenyewe. Wateja wanashindwa kuongea. Juzi mtu alikuwa anamposa mwenzake meza ya nne, wewe ukapiga 'yatima uchi' sikioni mwao. Nataka tuandike. Kikaratasi kinapita tunduni, Shangazi anasoma, anapika. Kimya."

Tarumbeta alicheka. Akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Na mimi?"

"Utasimama mlangoni. Utakaribisha watu, utawaambia waangalie ngazi."

"Niwe kibao?"

Bi Mdogo hakutaka ugomvi na mtu aliyembeba akiwa mtoto. Wakapatana wapime. Jumamosi mchana, meza sita za ukutani angehudumia Bi Mdogo kwa karatasi. Meza tano za dirishani angeita Tarumbeta. Upande ambao sahani zake nyingi zingerudishwa jikoni kwa kukosewa ndio ungeshindwa. Karatasi ikishinda, Tarumbeta anakwenda mlangoni na tundu analisahau.

Mtu mwenye akili angetunza koo lake. Tarumbeta alikwenda kulitangaza. Ijumaa alasiri alisimama chumba cha mbele akaanza kujipigia debe mbele ya wanywaji, na fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko mwisho kabisa wa mtaa, akamchokoza: "Wewe unasikika humu ndani tu, kwa sababu ya kuta. Nje wewe ni mbu."

"Mbu? Nenda kibandani kwako. Nikiita, ukisikia, inua kiatu."

Fundi viatu akaenda. Tarumbeta akapanda zile ngazi tatu, akasimama barabarani, akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikakatika. "Mapacha wa samakiii!" Mbwa walikimbia. Mama mmoja akafunga dirisha. Kule mwisho wa mtaa, kiatu hakikuinuka. Akaita tena. Kiatu hola. Aliita mara saba, na mara ya saba shingo ilikuwa na mishipa kama mizizi. Kumbe fundi viatu alikuwa amesikia tangu ya kwanza, ila alikaa nyuma ya kibanda anajizuia kucheka mpaka mbavu zinauma. Ya saba ilipokwisha, akainua viatu saba kwa mpigo. Tarumbeta akarudi kama mfalme, akashushia bia baridi mbili, akaenda kulala.

Asubuhi alifungua mdomo kumwamsha mkewe, ikatoka hewa. Akajaribu tena. Ilitoka hewa ile ile, kama tairi linalokwisha upepo.

Mkewe aliketi kitandani. "Sema tena?"

Hewa.

"Subiri nifungue dirisha, majirani nao wafaidi."

Lakini alipouona uso wa mumewe aliacha utani. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamsukutulisha, akamfunga kitambaa shingoni. Haikusaidia kitu. Tarumbeta akaashiria kwa mikono kwamba haendi, amekwisha, wamweke mlangoni, wamweke hata kaburini.

"Nenda," mkewe alisema huku anamfunga kile kifungo alichokishona upya. "Sauti huna, lakini mdomo unao. Huo haujawahi kukosekana."

Akaenda. Mchana ukaingia na watu wakajaa. Wateja wake wa kwanza walikuwa wapaka rangi wawili waliotaka supu, mmoja bila chumvi. Tarumbeta alikwenda tunduni, akaingiza kichwa kwenye mwanga wa taa. Shangazi aliinua macho. Tarumbeta akatikisa midomo: mapacha wa supu, mmoja mgonjwa. Haikutoka hata nusu ya sauti.

"Haya," alisema Shangazi, akachota.

Supu mbili zikapita tunduni. Tarumbeta akaonja kwa ncha ya kijiko, kwa siri. Moja haina chumvi.

Akasema moyoni, amebahatisha. Mteja wa pili akamletea mlolongo: samaki wawili wenye mchuzi, viazi bila nyama tena vikavu, na supu moja zaidi. Akaupeleka wote kwa midomo mitupu. Ukarudi wote, sawasawa, hakuna kilichopotea njiani. Wa tatu hivyo hivyo. Mpaka wa kumi.

Upande wa ukutani ilikuwa vita. Vikaratasi vya Bi Mdogo vilikuwa vinapita tunduni, mvuke unavipiga, wino unatembea. Aliyetaka samaki alipewa viazi. Mtengeneza saa mmoja aliyeagiza mkate alipata supu tatu, akazipanga mbele yake akaanza kuzichunguza moja moja kama saa zilizosimama. "Mwandiko gani huu?" alisikika Shangazi kule ndani. "Mchwa wamepita?"

Tarumbeta alikuwa anashinda. Alijua anashinda. Na kila sahani ilivyotoka sahihi, ndivyo alivyozidi kunywea. Kwa sababu alikuwa anafanya hesabu moja mbaya kichwani: kama jiko linapika sawasawa bila sauti yangu, basi sauti yangu ilikuwa ya nini?

Watu walipopungua, alizunguka kwa mlango wa uani akaingia jikoni. Shangazi alikuwa amempa mgongo, anakoroga. Tarumbeta akapiga makofi. Hakugeuka. Akachukua kifuniko cha sufuria kubwa, kile cha shaba, akakiachia kwenye sakafu ya mawe. Kikalia, kikaruka, kikazunguka kama sarafu ya shetani. Paka aliyekuwa dirishani akatoweka. Shangazi akaonja mchuzi, akaongeza bizari.

Tarumbeta akazunguka akasimama mbele yake. Shangazi akashtuka, mwiko juu.

"Unaniingilia kama mwizi!"

"Husikii?" Tarumbeta akauliza kwa midomo.

Shangazi alitazama mlango, kisha akamtazama yeye. "Nasikia harufu. Nasikia njaa, nasikia na baridi siku hizi magotini. Maneno ndiyo sisikii."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nane huu. Sikio la kulia liliondoka na ile mashine ya kusaga ya hapo nyuma. La kushoto likalifuata, nadhani kwa upweke."

"Na masharubu yangu?"

"Yalikufunika mdomo wa juu. Nilikuwa sioni kitu."

"Lakini kulikuwa na unywele kwenye mchuzi!"

"Ulikuwa wangu."

Tarumbeta alikaa juu ya gunia la viazi. Maisha yake yote yalikuwa yanateremka ngazi, na zilikuwa nyingi kuliko tatu. "Shangazi. Miaka minane yote nimekuwa nikipiga kelele pale tunduni bure?"

"Kelele?" Shangazi aliinama amsome vizuri. "Wewe unapiga kelele?"

"Mtaa mzima unasikia!"

"Ala! Mimi nilijua umekua. Naona mdomo unakwenda, nikasema, huyu kijana siku hizi anaongea taratibu, kawa mstaarabu. Nimekusifia hata kwa majirani. Sasa naelewa kwa nini walinitazama vile." Akakoroga kidogo. "Ila jifunze kutofautisha. Supu na sumu, kwenye mdomo wako, ni kitu kimoja. Umeniagiza sumu mbili na mkate mara elfu. Nikasema, hapana, huyu si mtu mbaya, anataka supu."

Hapo Tarumbeta alicheka, kicheko cha hewa tupu, mabega yanaruka. Shangazi hakucheka. Alimshika mkono kwa ule mkono wake wenye makovu ya mafuta.

"Mtoto wa kaka yangu usimwambie. Atanihurumia. Atanipeleka nyumbani nikae kwenye kiti nitazame ukuta. Ukuta wa kutazama ninao hapa, tena una tundu."

Saa tisa, walaji wakawa wameondoka. Bi Mdogo aliketi meza ya kwanza na vikaratasi vyake vilivyolowa. Fundi viatu alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha mbele na bilauri mkononi, na nyuma yake wanywaji kama sita, shingo nje.

"Mjomba," alisema Bi Mdogo, "zangu zimerudi tisa. Zako hakuna. Umeshinda."

Wanywaji wakashangilia. Bi Mdogo hakuondoa macho.

"Ila nina swali. Sikukusikia hata mara moja. Leo uliita saa ngapi?"

Hapo ndipo Tarumbeta alipobanwa kama kidole mlangoni. Akisema amepotewa na sauti, swali linalofuata ni Shangazi alijuaje. Akijibu hilo, Shangazi anakwenda kwenye kiti chake na ukuta wake. Akinyamaza, atafikiriwa amefanya ujanja. Halafu akafanya kitu anachokiweza kuliko wote mjini: akajisifu.

"Nimeita kwa ndani," alinong'ona, upepo mtupu.

"Ndani wapi?" aliuliza fundi viatu. "Tumboni?"

"Ni ustadi huo. Mtu akishafika daraja langu hahitaji kupaza. Anatikisa mdomo tu, chakula kinakuja." Akavuta pumzi. "Kuanzia leo ndivyo nitakavyoita. Kimya kimya. Nyumba itulie, watu waposane."

Fundi viatu akashusha bilauri. "Ngoja kwanza. Kama kwa kutikisa mdomo chakula kinakuja, basi miaka yote hii ulikuwa unatupasua masikio bure?"

Unaweza kumwambia Tarumbeta ni mfupi, mkewe anamtawala, shati lake limebana. Atacheka na wewe. Lakini hilo ndilo neno ambalo angempigia mtu. Alimtazama fundi viatu. Akalitazama lile tundu, taa yake ikiwaka upande wake.

"Bure," alisema. "Bure kabisa."

Kicheko kilichopasuka kule mlangoni kilifika mpaka kibanda cha viatu. Tarumbeta alisimama akakipokea chote, kama mtu aliyenyeshewa mbali na nyumba. Bi Mdogo peke yake hakucheka. Alikusanya vikaratasi vyake, akavikunja, akaenda kuvitupa motoni mwenyewe.

Jumapili nyumba hufungwa. Jumatatu asubuhi Tarumbeta aliamka na sauti imerudi yote, mbichi, inawasha koo itumike. Njia nzima aliizuia kama mtu anayezuia chafya. Na kilichomkaba zaidi hakikuwa sauti. Alikuwa na hadithi tamu kuliko zote za mji mkongwe, kumshinda mwenye kiti, kumshinda mwenye pipa, na hakuwa na ruhusa ya kumsimulia hata mkewe. Mtu mwenyewe hana kifua. Siri ndefu kuliko zote alizowahi kuzitunza ilifika chakula cha mchana.

Aliposhuka ngazi akapita chumba cha mbele, akamkuta Bi Mdogo amesimama juu ya benchi pembeni ya tundu, anafunga balbu mpya. Kubwa, kama nazi.

"Hiyo ya nini?"

"Ile ya zamani ilikuwa hafifu," alisema Bi Mdogo bila kugeuka. "Mtu atasomaje mdomo gizani?"

Tarumbeta alisimama na mguu mmoja mlangoni.

"Ulijua?"

"Tangu mwezi uliopita. Nilivunja chupa nyuma yake, akaendelea kumenya." Akakaza balbu. "Wewe ulidhani vikaratasi nilivileta kwa ajili ya kelele zako? Kelele zako nimezaliwa nazo, Mjomba. Nilitaka apate njia nyepesi, bila kumwambia kwamba najua. Sikujua kwamba njia anayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Hapo aligeuka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mji mzima ungepata habari kabla sijafunga mdomo. Lakini juzi nilikuona ulivyobanwa, na hukusema." Akashuka kwenye benchi, akajifuta mikono. "Na yeye tusimwambie kwamba najua. Haya, simama mahali pako tuone. Sogea. Hapo. Na masharubu, Mjomba, usije ukayafuga tena."

Akabonyeza swichi. Mwanga ulimpiga Tarumbeta usoni mpaka akafinya macho. Kule ng'ambo Shangazi aliacha kisu juu ya ubao, akainua kichwa.

Tarumbeta alivuta pumzi, ile kubwa, ya kupasua anga, na kifungo cha shati kikatetemeka. Kisha akaiachia polepole puani, akatikisa midomo kwa adabu, kama mtu mstaarabu anayesifiwa kwa majirani.

"Mjomba wenu leo anameremeta!" ilijibu sauti ya Shangazi kutoka jikoni. "Naona mpaka magego. Umesema supu, au ndiyo sumu yako ya kila siku?"